Dembo Letu Liandikwe Kabla ya Kufukiwa



Tangazo tulilisikia wote kisha ibada ya Jumatatu: wakati wa jua ukifika, lile dembo nyuma ya bweni la wavulana litafukiwa kwa mawe na buloba, na juu yake vitajengwa vyumba vitatu vya masomo. Wengi walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, kwa sababu darasa la saba wanakaa wanne ku banki moja, na mtu anayekataa vyumba vipya hajui taabu ya kuandika dikte juu ya magoti. Basi mtu asiseme kwamba kapita anapinga jengo. Ninaomba kitu kimoja tu: kabla kamyo ya kwanza haijamwaga mawe, mimea ya dembo ile ichumwe, ikaushwe, iandikiwe mahali na tarehe, na iwekwe ku kabati ya biolojia.

Nilipolisema neno hili ku bweni, walinicheka. Mmoja akasema: «Yaya, ile ni matete tu na majani ya bule. Mutu gani atakuja kutafuta majani ya bule?» Nitamjibu hapa, maana usiku ule taa ilizimwa kabla sijamaliza.

Kila mtu wa Kapata anajua Dikuluwe. Wazee wetu wengi walifanya kazi ku DIMA, maana yake Dikuluwe-Mashamba, wakati wa Gécamines, na karyere ya Dikuluwe ikaja kupewa Sicomines kwa ule mkataba wa Wachina wa mwaka 2008. Lakini ni wangapi kati yetu wanaojua kwamba jina la Dikuluwe linasomwa katika vitabu vya elimu ya mimea duniani pote? Kuna mmea unaoitwa Acalypha dikuluwensis. Neno lile la pili maana yake ni «wa Dikuluwe», basi. Waliolitangaza jina hilo ni Paul Duvigneaud, profesa wa Universite Libre ya Bruxelles, pamoja na mwenzake Dewit, mwaka 1963. Ulikuwa mmea wa vile vilima vyetu vya mukuba, vile visivyo na miti, ambavyo wazee walivitambua tangu zamani kwa sababu msitu unasimama mbali kama unaogopa. Mara ya mwisho kuandikwa kwamba mtu ameuona ni mwaka 1959. Kisha kilima kikachimbwa. Mwaka 2012 shirika la IUCN, ambalo kazi yake ni kuweka orodha ya viumbe walio katika hatari, liliuandika mmea wa Dikuluwe kati ya ile iliyokwisha kabisa duniani.

Sasa mfikiri vizuri. Tunajua namna gani kwamba mmea ulikuwako na kwamba haukuonekana tena? Hakuna mzee wa Kapata aliyekuja kutuambia. Hakuna wimbo wake. Tunajua kwa sababu ya karatasi. Mtu alichukua tawi, akalibana katikati ya magazeti, akalikausha, akaligandisha juu ya karatasi ngumu, na pembeni akaandika: mahali fulani, siku fulani, udongo wa namna fulani, mchumaji ni fulani. Kama asingefanya hivyo, leo tusingesema «mmea umekwisha». Tusingesema kitu. Ungekufa pasipo mtu kujua kwamba ulikuwa hai. Tena, kama kesho mtoto wa hapa anakutana na majani kama yale ku kilima kingine, atahakikisha namna gani kwamba njo yenyewe? Atayalinganisha na karatasi ile. Njia ingine hakuna.

Nyumba inayotunza karatasi za namna hii inaitwa herbariamu. Ile ya bustani ya mimea ya Meise, karibu na Bruxelles, ina karatasi karibu milioni nne, na nyingi sana zilitoka Kongo. Kwetu iko ile ya Yangambi, katika jimbo la Tshopo, yenye karatasi zaidi ya elfu mia moja, na iko ile ya Universite ya Lubumbashi, mahali alipofundisha François Malaisse miaka mingi. Malaisse huyo, pamoja na wenzake, alitoa mwaka 2016 kitabu kikubwa juu ya mimea ya mukuba na kobalti ya Katanga ya juu na ya upande wa Zambia.

Najua mnachotaka kusema, kwa maana hata mimi nilikisema: Wazungu walibeba mawe, na kumbe walibeba majani pia! Ni kweli, na inauma kwamba mtu wa Kapata anayetaka kuona tawi lililotoka karibu na nyumba yake anahitaji visa. Lakini nakubali nusu ya lawama tu. Kwanza, tangu mwaka 2015 Meise walianza kuzipiga picha karatasi zao kwa wingi, zaidi ya milioni moja, na kuziweka ku intaneti. Mtu mwenye simu na megabaiti anaweza kuzisoma bure. Pili, na hii njo inanikera zaidi: hakuna Mzungu aliyetukataza sisi kukausha majani yetu. Magazeti yako. Mawe ya kukandamizia, mji wetu haukuyakosa hata siku moja. Kilichokosekana ni nia.

Sasa nirudi ku dembo, kwa sababu rafiki yangu wa bweni atasema tena: Dikuluwe ni kilima cha mukuba, kina maua yake ya ajabu, lakini dembo yetu ni matope. Hapo njo ninapotaka tusimame kidogo.

Rekodi za mimea zinatuambia mtu aliyechuma alipita wapi. Mahali asipopita hazituambii kitu. Na wachumaji ni watu kama sisi: wanafuata barabara, wanalala ku misheni au ku nyumba za kampuni, wanavutwa na ua lenye rangi. Ku Katanga walivutwa hasa na vilima vya mukuba, na faida yake ilikuwa kubwa. Yako majani ya jamii ya Haumaniastrum, jina ambalo Duvigneaud na Plancke walilitoa mwaka 1959. Moja lao, Haumaniastrum katangense, linapenda udongo wa mukuba hata mahali ambapo mukuba uliletwa na watu. Wachunguzi wa mambo ya kale walilifuata upande wa Lubumbashi, na chini yake wakakuta mahali wazee walipoyeyusha mukuba na kufanya misalaba. Majani yaliwaonyesha jiko la babu zetu! Mwalimu wa historia, naomba ulitumie neno hili.

Lakini ni nani anayeingia dembo na matope ya magoti, mbu juu ya masikio, ili achume majani ambayo ua lake ni dogo kuliko kichwa cha kiberiti? Wachache. Ndiyo maana mahali pa maji pana karatasi chache, kisha mtu wa mbali anatazama karata yake, anaona nafasi nyeupe, anadhani hakuna kitu. Hapana, kipo. Aliyekosekana ni mtu wa kulowana.

Mwaka 2010 Michel-Pierre Faucon na wenzake, Malaisse akiwamo, walipanga upya hesabu ya mimea inayoota ku udongo wa mukuba peke yake. Walitumia hasa rekodi hizi za herbariamu. Wakapata 32 isiyoonekana mahali pengine popote, na 24 ambayo zaidi ya sehemu 75 kwa mia ya rekodi zake ni ku mukuba. Angalieni hesabu hiyo imesimama juu ya nini: juu ya maneno yaliyoandikwa pembeni ya karatasi. Kama mchumaji aliandika «Katanga» tu, karatasi yake inasaidia kidogo sana. Kama aliandika kilima na udongo, inahesabiwa. Na kati ya mimea ya mukuba iko mingine ya jamii ya ndago, majani ya kawaida kabisa kwa macho: Bulbostylis cupricola, Bulbostylis pseudoperennis, Ascolepis metallorum. Hakuna mtu ambaye angesimama njiani kwa ajili yao. Mtu mmoja alisimama.

Mfano wa mbali kidogo, lakini unafanana na wetu. Marekani, ku jangwa la Utah na Arizona, mto Colorado ulikata mawe ukafanya bonde refu lenye kuta ndefu, na ndani ya vibonde vya pembeni mlikuwa na vijito vidogo. Juu ni mchanga na jua kali. Chini, kandokando ya maji, kunaota majani ya maji ya jamii inayoitwa Juncus, na mengine ya dembo. Serikali ikaamua kujenga bwawa ku Glen Canyon. Watu wa Universite ya Utah hawakuweza kuzuia bwawa, lakini kati ya miaka 1957 na 1963 walitumwa kuandika kila kitu kabla ya maji kupanda: mabaki ya watu wa kale, wanyama, na mimea. Milango ya bwawa ilifungwa Machi 1963, ule mwaka mmea wa Dikuluwe ulipopewa jina. Leo mtu anayetaka kujua nini kiliota kando ya vijito vile kabla ya ziwa anasoma kazi yao.

Na sisi tunayo mabonde yetu ya mawe. Lualaba ilipita kwa nguvu ku Nzilo, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikajengwa pale centrale ya umeme na bwawa ambalo wakati ule liliitwa Delcommune. Ziwa lile sote tunalijua. Wengine wetu tunakula samaki wake kila wiki. Majani yaliyoota kandokando ya maji kabla ya bwawa yalikuwa gani? Mimi niliuliza wazee wawili waliokulia upande ule. Walinitajia samaki, walinitajia viboko, walinitajia hata mawe kwa majina. Majani hawakunitajia hata moja, na siwalaumu: nani anakumbuka majani?

Kuhusu namna ya kuandika mahali, nina neno kidogo kali kwa wale watakaosaidia. Msiandike majina makubwa tu. Majina makubwa yanakufa upesi. Jimbo letu liliitwa Katanga, tangu 1971 likaitwa Shaba, mwaka 1997 likarudi Katanga, na tangu 2015 tuko Lualaba. Nchi yenyewe ilikuwa Zaïre toka 1971 mpaka 1997. Elisabethville ikawa Lubumbashi, Jadotville ikawa Likasi. Mtu aliyeandika «Shaba, 1975» aliandika kweli, lakini jimbo lile ni kubwa kuliko nchi nyingi! Andikeni: Kolwezi, Kapata, dembo nyuma ya bweni, hatua ngapi kutoka kisima, maji yanafika wapi kwa mguu, udongo mweusi au mwekundu, jua au kivuli. Mwalimu wa biolojia amekubali kutumia simu yake kwa kupata namba za GPS, maana zetu, kama mnavyojua, zimefungwa ku biro ya nidhamu mpaka mwisho wa trimestre (na tulistahili).

Kazi yenyewe si ngumu, lakini inahitaji uvumilivu. Majani yachumwe pamoja na mzizi, ua na mbegu, kwa sababu majani ya dembo yanafanana kama mapacha, na mara nyingi ni mbegu iliyokomaa inayotenganisha ndugu na ndugu. Kwa kuanza, vidole vyenu vinatosha. Zungusha shina katikati ya vidole viwili. Ukisikia pembe tatu, ni jamii ya ndago, mara nyingi. Ukisikia duara, pasipo vifundo, fikiria Juncus, ambayo Afrika pia iko, hasa mahali pa maji na baridi. Ukikuta vifundo, na ndani pako wazi kama bomba, njo nyasi na matete. Jani likiwa refu kupita karatasi, lisikatwe. Likunjwe kama herufi ya V au ya N. Magazeti yabadilishwe kila siku, maana wakati wa mvua ukiyaacha siku tatu utakuta ukungu mweupe na kazi yote imepotea. Lebo iandikwe kwa kalamu ya risasi. Biki inakufa kwa maji.

Tena majani yaoshwe. Hili si usafi wa mabinti kama mmoja alivyosema. Wakati fulani wataalamu walipima kobalti na mukuba ndani ya majani ya Katanga na kupata hesabu kubwa za kushangaza. Baadaye, mwaka 2007, Faucon na wenzake walionyesha kwamba sehemu ya hesabu zile ilikuwa vumbi lililoshika juu ya majani. Sisi wa Kapata, ambao tunakung'uta vumbi la kamyo ku shuka kila jioni, tungeweza kuwaambia.

Sasa wale wanaosema: watu wana njaa, wazazi hawajalipa frais, na kapita anazungumza majani. Ndugu, njaa naijua. Kaka yangu ni kreseri, ninajua bei ya kilo kuliko ninavyojua fomula za shimi, na hilo litaonekana ku Egzeta. Lakini kazi hii haichukui franka hata moja ya mtu. Jumamosi nne, magazeti ya zamani, mbao mbili na mawe. Na nauliza: wanaopima madini hapa kwetu wanaandika kila kitu. Wanatoboa buloba, wanatoa jiwe refu kama fimbo, wanalikata, wanaliandikia namba, kina, tarehe, na kulitunza ndani ya sanduku miaka na miaka. Hawaoni aibu kuandika jiwe. Kwa nini sisi tuone aibu kuandika jani? Kampuni ikija kesho kusema «hapa hapakuwa na kitu», mkulima wa hapa hana karatasi ya kujibu. Mara nyingi maneno haya yamesemwa juu ya mashamba ya watu, na yule mwenye karatasi njo alisikilizwa.

Wengine wanasema tuwaachie watu wa universite. Tutawaita, ni lazima, maana sisi hatutajua majina yote, na ni afadhali karatasi isiyo na jina la Kilatini lakini yenye mahali, kuliko yenye jina la kubahatisha. Kila mmea tutauchuma mara mbili: karatasi moja ibaki ku kabati yetu, ingine iende Lubumbashi. Lakini universite haitakuja kukesha ku dembo ya shule moja ya Kapata. Sisi tunalala mita hamsini nalo. Tunajua lini vyura wanaanza, lini majani mekundu yanatokea, na ni mwezi gani maji yanafika ku ngazi ya choo.

Bwana Prefe alinipa sharti mbili, na mimi nimeongeza ya tatu. Mtu asiingie dembo peke yake wala bila viatu vya mpira, kwa sababu ya nyoka. Mtu asitumie kazi hii kwa kutoka ku shule na kwenda upande wa karyere au Ziwa Malo. Nitaita majina saa kumi na saa kumi na mbili. Ya kwangu: mmea ukiwa mmoja au wawili tu, tusiuchume, tuuchore na kuupiga picha. Inawezekana tukauhamisha pamoja na buloba yake ku mfereji karibu na jiko, kabla ya mawe kufika.

Tutaanza Jumamosi ijayo, kisha kusafisha mabweni. Tunahitaji watu kumi na wawili, na nataka angalau nusu wawe wa darasa la saba na la nane, kwa sababu sisi wa mwaka wa mwisho tutaondoka kisha Egzeta, na mvua ya pili lazima ikute watu wanaojua kazi. Mama wa maktaba ametoa magazeti ya miaka mitatu. Kinachokosekana ni karatasi ngumu nyeupe: mwenye mzazi anayefanya kazi ku imprimerie aseme. Majina yaandikwe kwangu, bweni la pili, kitanda karibu na mlango, kabla ya Alhamisi jioni.

Kapita wa wanafunzi,
mwaka wa mwisho, Biolojia-Shimi